Kuvua kwa Ndoana Mtera Wakati wa Kipupwe: Fuata Maji ya Vuguvugu

Mara yangu ya kwanza kuvua kwenye bwawa la Mtera wakati wa baridi ilikuwa mwezi wa saba. Nilifika ukingoni saa 12 asubuhi, vidole vimekufa ganzi kwa safari ya pikipiki, nikakaa hadi saa 4 bila mshipi kuguswa hata mara moja. Saa 5 kasoro akaja mzee mmoja na baiskeli na ndoo ya rangi. Akatusalimu wote, akakaa juani, akaanza kumenya karanga zake bila haraka yoyote. Ndoana yake ya kwanza iliingia majini karibu na saa 6. Ilipofika saa 8 alikuwa na perege kumi na wawili, mimi nilikuwa na mmoja, tena mdogo wa kurudishwa. Nikamwuliza siri yake. Akanijibu kwa swali: "Mjukuu wangu, na baridi hii, wewe ukiamka unakimbilia chakula kabla hujaota jua?"

Swali hilo limenifundisha kuliko ndoana zote nilizowahi kununua. Kipupwe hakivuliwi kama masika. Unavua joto kwanza, samaki baadaye. Na kwa kuwa kila anayeijua Mtera analijua hilo, mahali penye joto utakuta watu wamejaa, kwa hiyo nusu ya kazi ni kujua namna ya kukaa na watu.

Maji ya moto ya wenzetu, na yetu

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, wavuvi wa ndoana hujazana kwenye mifereji ya mitambo ya umeme inayotumia makaa ya mawe, gesi au nyuklia. Mitambo hiyo huchemsha maji yawe mvuke, mvuke huzungusha mashine, kisha mvuke huo hupozwa kwa maji ya mto au ziwa yanayopita kwenye mabomba. Maji ya kupozea hurudi mtoni yakiwa na nyuzi kadhaa za joto zaidi ya yalivyochukuliwa, na samaki wa eneo zima hujikusanya hapo. Maziwa ya Konin huko Polandi yamepashwa joto na mitambo ya makaa kwa miaka mingi. Huko Florida, Marekani, hata nguva hukimbilia mfereji wa mtambo wa Big Bend baridi inapozidi. Ubaya wake ni kwamba mtambo ukizimwa ghafla katikati ya baridi, maji hupoa upesi na samaki waliozoea joto hufa.

Sasa usiende kutafuta mfereji wa namna hiyo Dodoma. Zuzu tunacho kituo kikubwa cha kupozea umeme, lakini jina lisikudanganye: pale wanashusha msongo wa umeme, hawachemshi maji. Na Mtera yenyewe, yenye mashine 2 za megawati 40 kila moja, huendeshwa na maji yanayoporomoka. Maji hutoka mitamboni kama yalivyoingia, hayapati joto la kumfurahisha perege.

Kwetu mtambo wa kupasha maji ni jua, na mfereji wake ni upepo. Ila kuna jambo moja kutoka kwenye mifereji ya wenzetu linalofaa huku: samaki hawakai katikati ya maji ya moto kabisa. Maji yakipata joto hupungukiwa na hewa ya oksijeni, na mkondo huchosha. Wanasimama pembeni, pale vuguvugu linapokutana na baridi, kwenye kile ninachokiita mshono. Ukiupata mshono umepata samaki.

Kabla ya kufunga safari

Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, na leseni inahitajika. Anza kwa afisa uvuvi wa halmashauri husika. Kumbuka bwawa la Mtera liko mpakani mwa Dodoma na Iringa, kwa hiyo mwambie wazi unakusudia kukaa upande gani. Mwulize pia kama bwawa liko wazi, maana mabwawa huwahi kufungwa kwa muda ili samaki wazaliane, na aliyefika na ndoo siku hiyo hurudi na ndoo tupu na maelezo ya kutoa. Ukifika mwaloni jitambulishe kwa viongozi wa kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, ambacho wengi wanakiita BMU. Dakika tano za salamu zitakuondolea maswali ya siku nzima.

Jambo lisilo na mjadala: usivue karibu na ukuta wa bwawa, milango ya kufungulia maji wala maeneo ya mitambo. Ni eneo la ulinzi, na maji yakifunguliwa, chini ya ukuta hupanda bila kumngoja mtu akunje mshipi.

Kutoka Dodoma mjini hadi Mtera ni kilomita zipatazo 120 kwa barabara ya lami ya Iringa, na barabara hiyo inapita bwawani penyewe, kwa hiyo basi lolote la Iringa linakufaa. Dodoma mjini kuko juu, mita 1,100 na ushei kutoka usawa wa bahari, Mtera ni kama 700. Ndiyo maana ukishuka kwenye basi unaanza kuvua koti. Usilivue. Upepo wa bwawani utakukumbusha.

Vifaa

Hapa watu hupoteza pesa. Kwa perege wa kipupwe unahitaji vitu vidogo kuliko unavyodhani. Mshipi wa naironi wa milimita 0.20 hadi 0.25, ndoana namba 10 au 12 (namba inavyokuwa kubwa, ndoana inakuwa ndogo), na chubwi nyepesi. Samaki akiwa na baridi mwili wake unafanya kazi polepole, chakula hakisagiki upesi, kwa hiyo hang'ati kwa pupa. Anachukua tonge, anaonja, anatema. Kielea kikubwa cha chupa ya plastiki hakitakuonyesha kitu. Mimi natumia kipande cha moyo wa bua la mtama, urefu wa kidole, kimepenyezwa unyoya wa jogoo juu yake ili nikione kwa mbali. Hakina gharama na kinatikisika hata perege akipumua karibu nacho.

Kwa kambale badilisha kila kitu: mshipi wa milimita 0.40 au 0.50, ndoana nene namba 2 au 1, chubwi nzito ya kukaa chini. Chini ya Mtera kuna visiki. Bwawa lilipojaa mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilifunika msitu, na miti iliyokufa bado imesimama majini mpaka leo. Mwaka wa kwanza nilipoteza ndoana saba kwa siku moja. Dawa yake ni kufunga chubwi kwa kipande cha mshipi mwembamba kuliko ule mkuu: ikinasa, unavuta, chubwi inakatika, ndoana na samaki vinabaki.

Fimbo iwe ndefu, mita 3 au 4. Sababu yake utaiona kwenye habari za mamba. Ongeza koleo la kutolea ndoana, gunia, kofia, na kipimajoto. Kipimajoto kile cha banda la vifaranga, kinachouzwa maduka ya dawa za mifugo, kinatosha kabisa.

Chambo

Perege wa Mtera wanapenda ugali, na ugali wa mtama unashika ndoanani vizuri kuliko wa sembe. Songa mgumu, kisha ukande ukiwa wa moto pamoja na mashudu ya alizeti yaliyotwangwa laini: sehemu 3 za ugali kwa sehemu 1 ya mashudu. Kanda ya kati tuna bahati ya mashine za alizeti kila mji, mashudu hayatafutwi. Mafuta yaliyobaki humo yanatoa harufu majini, na hiyo ndiyo inayomwita samaki mvivu wa baridi. Tonge liwe kama punje ya mahindi. Kama punje moja, siyo mbili.

Mashudu hayohayo ukiyachanganya na pumba na udongo wa pale ukingoni unapata madonge ya kurusha majini ili kuwakusanya. Rusha mawili tu, halafu subiri nusu saa. Kipupwe hakitaki ukarimu: ukiwashibisha hawana haja na ndoana yako.

Nyungunyungu ni wazuri, ila ardhi ya Dodoma mwezi wa saba ni kavu kama chungu. Watafute kwenye bustani za mboga zinazomwagiliwa au chini ya bomba linalovuja. Kambale mpe utumbo wa kuku, ini au kipande cha dagaa. Wapo wanaotumia sabuni ya mche, na kweli kambale huila, lakini mimi huona ni kumdhulumu samaki nitakayemla.

Kutafuta joto

Hili ndilo kiini, nenda nalo taratibu.

Usiku maji ya kina kifupi hupoa haraka kuliko ya kina kirefu, kama uji kwenye sahani unavyopoa kabla ya ule wa sufuria. Alfajiri, basi, ukingo ndiko kwenye baridi zaidi, na perege wamehamia chini. Jua likipanda mambo yanageuka: maji ya kimo cha goti juu ya tope jeusi yanapata joto mapema, na kuanzia kama saa 5 samaki wanaanza kupanda kuja kuota. Kilele ni saa 6 hadi saa 9 alasiri. Ukitaka kulala, lala. Mwenye haraka wakati wa kipupwe ni mvuvi wa nyavu, siyo wa ndoana.

Kisha upepo. Miezi hii unavuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na unasukuma maji ya juu, ambayo ndiyo yenye joto, kuyapeleka upande wa kaskazini-magharibi. Kwa Mtera hiyo ina maana kwamba fukwe za upande wa Dodoma hupokea vuguvugu la bwawa zima baada ya upepo wa siku mbili tatu. Unavua upepo ukikupiga usoni. Ni tabu, macho yanatoka machozi, kielea kinacheza, lakini ndiko walipo. Upepo ukiwa hafifu, acha ufukwe ulio wazi uende kwenye vihori vilivyokingwa, vyenye tope jeusi na nyasi zilizozama.

Usikisie, pima. Funga kipimajoto kwenye fimbo, kitumbukize kwenye maji ya juu kwa dakika 2, soma. Kwa maji ya chini tumia chupa ya soda ya kioo: ifunge jiwe, iwekee kizibo kilichofungwa uzi wake, ishushe tupu hadi kina unachotaka, vuta uzi kizibo kitoke, ngoja ijae, ipandishe upesi na uingize kipimajoto. Pima sehemu tatu au nne kando ya ufukwe. Tofauti ya nyuzi 2 tu inatosha kukuambia ukae wapi. Chini ya nyuzi 20 hivi perege hupunguza sana kula. Ukikuta maji yote yako hivyo, geukia kambale, huyo ni mvumilivu zaidi.

Mshono wenyewe mara nyingi unaonekana kwa macho. Mawimbi yakipiga ukingo hutibua tope, na utaona mstari ambapo maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakutana na yale safi. Tupa chambo kwenye mstari huo, upande wa maji machafu, hatua moja ndani.

Na usiamini mahali pa mwezi uliopita. Mvua zikiisha, bwawa linashuka kila wiki kwa sababu mashine zinaendelea kunywa. Likijaa hufika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na katika mwaka wa ukame limewahi kushuka karibu na 690. Kwenye nchi tambarare kama ile, kushuka mita moja ni ufukwe kuhama mbali sana. Kinachobaki nyuma ni tope lililokauka juu tu. Lijaribu kwa fimbo kabla ya kulikanyaga. Nimewahi kuacha kiatu kimoja humo, na kimebaki humo.

Kukaa na watu

Kihori kizuri cha saa 7 mchana, siku ya Jumamosi, utakuta watu wameketi bega kwa bega kama kwenye benchi la zahanati. Usitafute pengo ukaliingia kimya. Salimia kwanza, wazee shikamoo yao, na ukijaribu "mbukwenyi" kwa Wagogo waliopo utaona watu wanasogea wenyewe. Uliza, "Naweza kukaa hapa, au nitawaingilia?" Hilo "nitawaingilia" ndilo linalokupa nafasi.

Kisha angalia wanavyovua kabla ya kufungua mfuko. Kama wote wanatumia vielea, usiwe wewe wa kutupa chubwi nzito ya kambale katikati yao. Tupa mbele yako moja kwa moja, siyo kwa mshazari. Upepo unapuliza mshipi pembeni, kwa hiyo lenga kidogo upande unakotoka upepo, na ongeza chubwi kidogo ili kielea kisitembee hadi kwa jirani. Fimbo moja tu. Mwenye fimbo tatu msongamanoni anachukiwa, hata kama hakuna anayemwambia.

Mtu akinasa samaki mkubwa na kupiga kelele, kila mmoja wa karibu anakunja mshipi wake mara moja. Hii haiandikwi popote lakini inaheshimiwa kuliko leseni. Mishipi ikisokotana, mwenye samaki ndiye wa kwanza; wengine legezeni. Ikibidi kukatwa mmoja, kata wako. Niliwahi kung'ang'ania mshipi mpya wa bei mbaya, tukavutana na jirani, kambale akaenda zake na mishipi yote miwili ikakatika. Yule bwana hakunisemesha hadi jioni, na alikuwa na haki.

Ukipata sana, gawa chambo. Ukikosa kabisa, omba. Hakuna aibu.

Mamba, kiboko na maji yenyewe

Mtera kuna mamba na kuna viboko, na msongamano wa watu hauwafukuzi. Usiingie majini hata kufikia kifundo cha mguu, si kwa kunasua ndoana, si kwa kunawa. Simama mita 3 au zaidi kutoka ukingoni, na hapo ndipo fimbo ndefu inapolipa. Maji ya mshono ni machafu, huoni kilichomo. Mamba hujifunza ratiba ya mtu, kwa hiyo usichote maji mahali pamoja kila siku na usisafishie samaki pale unapovulia. Utumbo uzike mbali.

Kiboko wakati wa baridi hupenda kulala juani nje ya maji, hata mchana. Usikae kati yake na bwawa. Ukiona njia pana iliyokanyagwa kutoka majini kwenda nyasini, hiyo ni barabara yake, hamia kwingine. Saa 11 jioni uwe umefunga mizigo, hata kama ndiyo kwanza kambale wameanza. Najua ndipo wanapoanza. Funga.

Wanaopenda kwenda Hombolo, bwawa la mwaka 1957 lililo kilomita zipatazo 40 kutoka mjini, kanuni ya kutoingia majini ibaki ileile, hata kwa sababu ya kichocho peke yake. Joto huko linafuata jua na upepo vilevile, ila bwawa ni dogo, hubadilika haraka. Bahi sikushauri kipupwe: ni mbuga ya maji ya msimu, inapokauka kambale huvuliwa kwa mikono topeni na ndoana haina kazi.

Samaki akishaguswa

Kwa perege, usivute kielea kinapotikisika. Ngoja kitembee au kilale, ndipo uinue kiganja tu, siyo mkono mzima. Mdomo wake ni laini, ukivuta kwa nguvu unachana. Ukipata jike mwenye mayai au vifaranga mdomoni, mrudishe polepole bila kumgeuza, ndivyo anavyolea. Wadogo pia rudisha.

Kambale mwache aende. Atachukua chambo, atasimama, atakwenda tena. Mvute akiwa kwenye mwendo wa pili, na umtoe mbali na visiki mapema, kwa sababu akishajizungusha kwenye mti umempoteza. Kumshika, pitisha kidole gumba na cha shahada nyuma ya miiba yake miwili ya mapezi ya pembeni na uikaze kichwani. Akijitikisa, miiba inabaki mbele ya vidole. Ngogo ana miiba mibaya zaidi, huyo tumia kitambaa na koleo. Ukichomwa, osha kwa maji ya chupa uliyobeba, siyo ya bwawa, kisha loweka kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, maumivu hupungua. Uvimbe ukiongezeka nenda zahanati, usingoje kesho.

Kambale anapumua hewa ya juu pia, kwa hiyo kwenye gunia lililoloweshwa hufika Dodoma akiwa hai. Perege hawezi. Mtoe matumbo na matamvua mapema, mfunge kwenye gunia lenye majimaji kivulini, au barafu kama unayo. Kwenye basi weka kila kitu ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kukaza. Kondakta akiona gunia linalotikisika atakudai nauli ya mzigo, na akiona kambale ametoka gunia na kuanza kutembea chini ya viti, kama ilivyonitokea, atakushusha njiani, pale Fufu, uendelee na safari kwa njia yako.